Ngomeni Ilirusha Roketi, Sasa Ifundishe

Wasee, ukitaja roketi watu wanawaza Florida. Mimi nawaza Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kwa wavuvi na mashamba ya chumvi.

Huko baharini kuna majukwaa mawili ya chuma, San Marco na Santa Rita. Waitaliano waliyaleta miaka ya 60, na kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo. Moja iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Ilikuwa ya NASA, lakini waliiita Uhuru. Eeh, Kiswahili! Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zinazotoka kwa nyota. Iliorodhesha vyanzo 339, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwapa wanasayansi sababu nzito ya kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobel mwaka 2002.

Mbona Ngomeni? Hapo ndipo fizikia inaingia. Kwenye ikweta, dunia inazunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Ngomeni iko hapo karibu, kwa hivyo roketi inaanza safari ikiwa tayari na kasi hiyo, bure kabisa. Na upande wa mashariki ni bahari tupu, vipande vikianguka haviangukii paa la mtu.

Hilo ni somo zima, na liko kwetu. Mimi nilimaliza sekondari nikikariri fomyula za mwendo bila kusikia habari hii hata siku moja.

Tangu 1988 hakuna roketi iliyoruka hapo. Kituo cha nchi kavu bado kinafanya kazi na setilaiti, lakini majukwaa yamesimama tu. Mimi nasema tuyageuze kuwa kituo cha sayansi cha wenyeji. Sisemi tupakie watoto wa darasa la nne kwa boti kesho wakapande chuma cha zamani. Wahandisi wakague kwanza. Kukiwa na hatari, tuanzie ufuoni: darubini, modeli ya roketi, na vijana wa Ngomeni wakilipwa kuwa waelekezi.

Ati haiwezekani? Fort Jesus ilikuwa jela ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958, leo ni makumbusho. Santa Rita yenyewe ilianza kama jukwaa la kuchimba mafuta. Ikiwa ilibadilishwa kazi mara moja, si inaweza tena?

Lakini chumvi haingoji kamati. Wakenya waliofanya kazi pale enzi za roketi nao wanazeeka, na wakienda, wanaenda na hadithi zao. Kama unatoka Kilifi, muulize MCA wako wiki hii: mpango wa majukwaa yale ni upi?