Ndege ya kujitengenezea: anza na ya rimoti kabla hujapanda mwenyewe

Kila picha ya jamaa aliyeunda ndege nyuma ya nyumba yake inapozunguka mtandaoni, maoni huwa yale yale: huyu ni kichwa, serikali imsaidie, mbona haijaruka? Hilo swali la mwisho ndilo la maana, na ndilo watu hawalijibu. Mimi ni mtu wa kidato cha nne tu, sio injinia, ila haya mambo nimeyafuatilia muda mrefu, basi nawawekea hapa ninachokijua.

Kwanza, kuunda ndege nyumbani sio kichaa. Wright na mdogo wake walikuwa mafundi baiskeli wa Dayton, Marekani, na tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao ilikaa hewani sekunde 12. Mwaka 1953 Paul Poberezny alianzisha chama cha waundaji wa ndege za nyumbani, EAA, na kila Julai wanakutana Oshkosh, jimbo la Wisconsin, ndege kama 10,000 zinatua pale na viwanja vya jirani. Sheria ya Marekani inamruhusu raia kusajili ndege aliyoiunda mwenyewe kwa kujifunza au kujifurahisha, mradi zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na wasio watu wa biashara hiyo. Kampuni ya Van's, iliyoanza 1973, inauza vipande vya aluminiamu na ramani, wewe unapiga ribiti. Zaidi ya ndege 11,000 za aina yao zimesharuka. Lakini angalia muda: ndege moja ya watu wawili inakula masaa 1,500 hadi 2,000. Ukifanya kazi masaa kumi kwa wiki, ni miaka mitatu au minne. Na ikishakaguliwa, kwa kawaida unairusha masaa 25 au 40 bila abiria kwanza.

Sasa turudi kwa jamaa wa nyuma ya nyumba. Mara nyingi anaweka injini ya gari au pikipiki, anachomelea mabomba ya chuma, halafu bawa anakisia kwa macho. Injini ndiyo inayopigwa picha, bawa halitazamwi na mtu. Ila ndege hairushwi na kelele za injini. Inarushwa na bawa lenye umbo sahihi, uzito mdogo, na kitu kinaitwa kitovu cha uzito, yaani pale ambapo ukiiegemeza ndege inatulia bila kuinamia mbele wala nyuma.

Mfaransa Henri Mignet aliwahi kuwapa watu wa kawaida ndege ya bei poa. Mwaka 1934 alitoa kitabu cha kuiunda HM.14, iliyoitwa Pou-du-Ciel, na Ufaransa na Uingereza vijana wakaingia gereji kama wamepagawa. Ilikuwa ya mbao na kitambaa, bawa moja mbele na lingine nyuma yake. Watu wakaanza kufa. Mwaka 1936 ndege yenyewe iliwekwa kwenye handaki la upepo ikapimwa, ikaonekana kwamba ikishainamisha pua kupita kiasi, rubani anavuta usukani na pua hainyanyuki. Uingereza wakaipiga marufuku mwaka huo huo. Mignet hakuwa tapeli, yeye mwenyewe alivuka nayo bahari kwenda Uingereza mwaka 1935. Tatizo lilikuwa sehemu moja ya hewa ambayo hakuipima.

Na ukifuata ramani nzuri, ifuate yote. Mwanamuziki John Denver alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 huko California akiwa kwenye Long-EZ, ndege iliyobuniwa na Burt Rutan, mtu mwenye sifa kubwa sana. Mbunifu aliweka swichi ya kubadilisha tanki la mafuta katikati ya miguu ya rubani. Fundi aliyeiunda hiyo moja akaihamishia nyuma ya bega. Denver alikuwa ameinunua karibuni. Wachunguzi walisema wakati anageuka kuishika ile swichi, aliipoteza ndege. Swichi tu jamani.

Ndio maana nasema anza na ya rimoti. Hewa ni ile ile, ila ikianguka unaokota vipande na kwenda nyumbani.

Mwili unaukata kwenye lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya TV, ukipata mbao ya balsa ni bora zaidi. Kwa bawa la urefu wa mita moja, jitahidi ndege nzima isizidi gramu 700. Gundi nyingi ni uzito, usijaze. Mota ya kV 1000 maana yake inazunguka mara 1,000 kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo. Betri ya lipo ya seli tatu ni volti 11.1, piga hesabu mwenyewe. Mvuto wa propela uwe angalau nusu ya uzito wa ndege, ukifika sawa na uzito ni raha tupu. Seli ikijaa ni volti 4.2, usiishushe chini ya 3, na usithubutu kuichaji kwa chaja ya kuokoteza maana lipo inawaka moto kweli kweli. Rimoti chukua ya 2.4 GHz. Zile za zamani za 35 au 72 MHz, wawili mkiwa chaneli moja, mnaangushana.

Bawa lenye upana wa sentimita 20, kitovu cha uzito kiwe sentimita 5 hadi 6 kutoka ukingo wa mbele. Weka alama, iegemeze kwenye vidole viwili, sogeza betri mpaka itulie. Mbele ikizidi kidogo inakuwa nzito kunyanyuka lakini inakusikiliza. Nyuma ikizidi inanyanyua pua yenyewe, mwendo unakwisha, inadondoka kabla hujajua ufanye nini. Halafu vuta stiki kwako uone kibawa cha mkia kinapanda juu, sio chini. Itupe kwanza bila mota juu ya majani marefu. Ikiteleza sawa, siku hiyo hiyo jioni upepo ukitulia, washa.

Ukae mbali na viwanja vya ndege na mikusanyiko ya watu. Kibali uliza TCAA ukiwa Tanzania, KCAA ukiwa Kenya, uliza kabla ya kununua vifaa. Mwenye swali la mota au betri aandike hapo chini, aweke na uzito wa ndege yake kwa gramu, bila hiyo siwezi kumjibu.