Ndoa Bila Daftari

Ndugu msikilizaji, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wiki hii napenda tujiulize: na ndoa je?

Swali hili lilinifikia nyumbani kwa shangazi yangu, Mtoni, wilayani Temeke. Aliolewa mwaka 1974. Shehe wa mtaa alisoma hotuba, mahari yakatajwa mbele ya mashahidi, wali ukaliwa, na majina ya maharusi yakaandikwa katika daftari la kawaida la shule. Mumewe alipofariki mwaka 1998, shemeji zake walimtaka aonyeshe cheti cha ndoa. Hakuwa nacho. Shehe alikwisha kufa, na daftari lile lilikuwa limeozeshwa na mvua. Mama aliyezaa watoto watano ndani ya nyumba ile akaambiwa kuwa alikuwa mgeni tu.

Tusiharakishe kumlaumu marehemu shehe. Katika nchi yetu, kuandika ndoa kulianza kwa ubaguzi. Sheria ya ndoa ya Waingereza ya mwaka 1921 ilishughulikia ndoa za Kikristo na zile za bomani. Mwaka 1923 Waasia wasio Wakristo walitungiwa sheria yao. Lakini Mwafrika aliyeoa kimila au Kiislamu aliachwa na wazee wake na mashahidi wake. Ndoa yake ilihifadhiwa vichwani mwa watu, na watu hufa.

Baada ya Uhuru, Serikali iliwapelekea wananchi mapendekezo yake mwaka 1969. Yalijadiliwa, tena kwa ukali, na ndipo ikapatikana Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971. Sheria hiyo ilizikusanya ndoa zote chini ya paa moja: za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za bomani. Kusudio la kuoana litolewe taarifa siku 21 kabla. Mfungishaji ndoa, awe kasisi, shehe au msajili wa wilaya, aandike kumbukumbu na kuipeleka kwa Msajili Mkuu, kazi ambayo leo iko chini ya RITA. Waliooana kimila nao waliambiwa wajiandikishe ndani ya siku 30.

Basi kwa nini shangazi yangu, aliyeolewa miaka mitatu baadaye, hakuwa na karatasi? Kwa sababu sheria hutungwa kwa siku moja, lakini mazoea hayabadiliki kwa siku moja. Mji wetu ulikuwa unafurika. Manzese, Tandika na Mbagala zilijaa watu kutoka mikoani. Wengine walifungia ndoa kijijini, bibi harusi akaja na basi. Wengine walianza kuishi pamoja tu, wakisema harusi itafuata. Kwenda bomani kulihitaji nauli na siku nzima ya kazi. Na nani angedai cheti wakati mapenzi bado yana moto?

Watunga sheria walilijua hilo. Waliandika kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu haikuandikishwa. Tena katika kifungu cha 160 waliweka dhana ya ndoa: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawatambua kuwa mume na mke, watahesabiwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Shangazi aliokolewa na mashahidi wawili waliokuwa bado hai, mmoja wao mzee aliyebeba mkeka wa harusi. Walisimama mahakamani wakaeleza waliyoyaona mwaka 1974. Alipata thumni yake na akabaki kwenye nyumba ile na wanawe. Lakini ilimchukua karibu miaka miwili ya kwenda na kurudi, akiwa bado na majonzi.

Leo mambo ni mepesi kidogo. Tangu mwaka 2021, pale Temeke kuna kituo jumuishi cha Mahakama kinachosikiliza mashauri ya mirathi na familia mahali pamoja. Hata hivyo, hakimu hawezi kusoma daftari lililooza.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, jioni ya leo fungua sanduku lako. Kama cheti kimo, mwonyeshe mwenzako na wanao mahali kilipo. Kama hakimo, nendeni mkaulize utaratibu wa kuandikisha, mkiwa wawili na mkiwa hai. Mashahidi wa shangazi yangu wote wawili sasa ni marehemu.