Karafuu za Mbao

Jino lilianza kunigonga usiku wa Ijumaa, mwendo wa saa nane, maduka yote ya dawa mtaani yameshafungwa na kwenye simu nina shilingi 140. Nasema kunigonga kwa sababu kuuma ni kitu kingine. Kuuma ni pale unapokunywa soda baridi ukashtuka, halafu maisha yakaendelea. Hili lilikuwa linafuata mapigo ya moyo, na kila nikilala linaongeza nguvu. Nikikaa, linapunguza. Kwa hivyo nilikaa, nikatembea, nikakaa tena, chumba chenyewe hatua sita kutoka mlangoni hadi dirishani.

Shimo nilikuwa nalijua kwa miezi. Gego la chini, upande wa kulia. Lakini mtu aliyeacha chuo mwaka wa tatu, anayelipwa kwa makala na kulipwa akikumbukwa, huwa na orodha ya mambo ya mwezi ujao. Soli ya kiatu iko hapo. Jino lilikuwa hapo pia, chini kidogo ya soli.

Kulipopambazuka nilikutana na jirani yangu kwenye bomba la maji. Ni mama wa Mombasa, amekaa Nairobi miaka mingi lakini Nairobi haijamwingia mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mbona shavu umelishika hivyo? Na usiku nimekusikia ukizunguka."

"Ni jino."

"Hilo lina mdudu. Ngoja."

Akarudi na karafuu ndani ya kipande cha gazeti, zile za kupimiwa dukani za mbao. Akachagua moja nene, yenye kichwa. "Iweke palepale penye shimo, ubane polepole. Usiitafune kama njugu. Iache ilainike yenyewe."

Ilikuwa chungu, kisha moto, kisha kukawa kama mtu amezima redio. Nusu ya ulimi ilikufa ganzi. Niliegemea ukuta nikasikia machozi yananitoka kwa starehe tu.

"Dawa ya asili hiyo," akasema. "Ya wazee wetu wa pwani, tangu enzi na enzi."

Nilimshukuru, nikaenda kulala. Nilipoamka, ile "enzi na enzi" ikawa imenikwama. Historia ndiyo niliyokuwa nikisoma chuoni kabla ya ada kunishinda, na ugonjwa wa kuuliza "tangu lini hasa?" sijapona. Nilikuwa na bando la siku tatu na jino lisiloniruhusu kulala. Nikaanza kuifuata karafuu.

Kwanza, mkarafuu si mti wa kwetu. Kwao ni Maluku, vile visiwa vidogo vya mashariki ya Indonesia, Ternate na Tidore na jirani zake. Kwa karne nyingi karafuu yote ya dunia ilitoka hapo, ikapita mikononi mwa Wamalai, Wahindi na Waarabu, na huenda hata waliokuwa wakiinunua mwisho wa njia hawakujua mti wenyewe unafanana vipi. Wachina waliijua mapema sana. Enzi za wafalme wa Han, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, maofisa walitakiwa kuweka karafuu mdomoni kabla ya kuongea na mfalme, pumzi yao isimkere. Wachina waliiita harufu ya msumari, na Wafaransa nao wakaifananisha na msumari. Sisi tulichukua jina la Kiarabu, karanful, tukalilainisha, msumari tukauacha.

Wareno walifika Maluku mwaka 1512. Wadachi wakaja nyuma yao na kampuni yao ya biashara, VOC, iliyoundwa 1602, na hawa walikuwa na akili ya kibiashara ya kutisha. Waliamua karafuu ioteshwe Ambon na visiwa vya karibu tu, ambako wangeweza kuilinda. Kwingine kote ikatwe. Mwaka 1652 walimfunga sultani wa Ternate kwa mkataba: yeye analipwa kila mwaka, miti yake inang'olewa. Msafara wa mashua ulikuwa ukizunguka visiwa kuhakikisha hakuna mkarafuu uliobaki umesimama. Watu waliokuwa wakiishi kwa mti huo tangu mababu wakatazama unaanguka ili bei ipande Amsterdam.

Aliyevunja mpango huo ni Mfaransa mmoja aitwaye Pierre Poivre, na jina hilo la pili kwa Kifaransa maana yake ni pilipili. Sijatunga. Alikuwa mtawala wa Mauritius, na watu wake waliiba miche ya karafuu wakaifikisha kisiwani mwaka 1770. Kutoka huko, mwanzoni mwa karne ya 19, karafuu ikaingia Unguja. Anayetajwa kuileta ni Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil, aliyepanda Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said, sultani wa Oman, alipoona mti umekubali, alimpokonya mashamba akawa mkulima mkuu yeye mwenyewe. Kisha akahamishia makao yake Unguja, akawahimiza matajiri wengine wapande, na haikufika katikati ya karne kabla Unguja na Pemba hazijakuwa chanzo kikuu cha karafuu duniani.

Kwa hivyo "tangu enzi" yetu kama wakulima ni miaka mia mbili na ushee. Nilisoma hiyo huku nina karafuu ya pili mdomoni, nikatabasamu kwa upande mmoja.

Halafu nikaacha kutabasamu, maana swali lililofuata lilikuwa: nani alipanda?

Mkarafuu unahitaji miaka sita, saba, hata nane kabla ya kuzaa. Ukizaa haukusubiri. Ile tunayoita karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka, na lazima lichumwe likiwa limeanza tu kuona haya, limegeuka waridi. Likichanua limeharibika. Matumba hayaivi pamoja, kwa hivyo mti uleule unarudiwa tena na tena msimu mmoja. Na ni mti mrefu, wa matawi yanayokatika kirahisi chini ya uzito wa mtu. Baada ya kuchuma kuna kuchambua, tumba huku na kikonyo kule, halafu kuanika juani kwenye majamvi na kuanua kila mvua ikitishia.

Kazi hiyo ilitaka mikono mingi, na mikono ilinunuliwa. Watu walikamatwa huku bara, wengi wao upande wa Ziwa Nyasa, wakatembezwa hadi Kilwa, wakapakiwa majahazini. Wayao, Wanyasa, watu ambao lugha zao mashambani ziliyeyuka ndani ya Kiswahili. Jina "Mnyasa" bado liko pwani, na bado kuna watu wanaolitamka kama tusi.

Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba iliponea, na tangu hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash alibanwa na Waingereza akasaini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Zingatia kalenda hiyo: bei iko juu, miti inapandwa upya, Pemba inataka watu, na biashara ya watu imepigwa marufuku. Majahazi yakaendelea usiku. Mwaka 1881 kapteni wa meli ya Kiingereza, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kukagua jahazi lililobeba watumwa. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi 1897.

Sisi Wakenya tunapenda kusema hayo ni ya Zanzibar. Malindi, miaka hiyohiyo, ilikuwa ikilima mtama na ufuta kwa mikono ya watumwa, na pwani yetu ilisubiri hadi 1907. Nilisoma historia mihula mitano na nusu. Labda kipindi hicho nilikuwa nimelala.

Sikumwambia jirani. Ningesema nini? Alikuwa amenipa alichonacho saa ambayo sikuwa na chochote. Na neno "asili" mdomoni mwake lilimaanisha kitu kimoja tu: alivyofanyiwa na mamake.

Jino nalo lilikuwa halijamaliza. Siku hizo tatu nilijifunza mambo mengine, baadhi kwa njia mbaya. Maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chumvi, kusukutua na kutema, husaidia kweli. Yanasafisha uchafu ulionasa na kutuliza fizi. Mito miwili chini ya kichwa inasaidia, kwa sababu ukilala damu inaongezeka kichwani na ndani ya jino hakuna pa kuvimbia. Hiyo ndiyo siri ya kule kugonga: nyama laini yenye mshipa wa fahamu imefungiwa ndani ya kuta ngumu, inafura na haina mlango. Panado inapunguza. Ibuprofen inapunguza zaidi, lakini ule kwanza, na kama una vidonda vya tumbo au figo mbovu au una mimba, achana nayo hadi uulize.

Aspirini usiiweke kwenye fizi. Rafiki yangu mmoja alinishauri niisage nipake, nikafanya, nikaamka na ngozi nyeupe iliyoungua kama plastiki. Dawa hiyo inafanya kazi ikimezwa, kwenye fizi ni asidi tu. Mafuta ya karafuu ya kichupa nayo si sawa na tumba lenyewe, ni makali mno. Tone moja kwenye pamba, tena baada ya kuyachanganya na mafuta ya kupikia, yaguse jino na si fizi. Watoto wasipewe kabisa. Wakiyameza yanaweza kuharibu ini. Na yule kijana wa duka la dawa aliyetaka kuniuzia antibiotiki nusu dozi, vidonge sita ndani ya bahasha, alikuwa ananiuzia matumaini. Antibiotiki haitulizi jino linalogonga.

Kuhusu mdudu: watu wa Babeli waliandika habari zake kwenye vigae vya udongo, na Ulaya waliwafukiza wagonjwa kwa moshi wa mbegu, wakaonyesha vichipukizi vilivyodondoka kama ushahidi wa funza. Ilikuwa 1728 ndipo Pierre Fauchard, daktari wa Ufaransa anayeitwa baba wa udaktari wa meno, alipoandika kwamba hajawahi kumwona. Kwa hiyo jirani yangu yuko kwenye kundi kubwa na la heshima.

Siku ya tisa, jino likanyamaza. Hivi tu. Nikanywa chai moto, kimya. Nikatafuna mahindi ya kuchoma upande uleule, kimya. Nilimwambia mama, karafuu imemuua mdudu. Nililipa kodi, nikabadilisha soli, nikaendelea.

Wiki tano baadaye niliamka na shavu kama limemeza ndimu. Safari hii sikungoja, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma: uvimbe unaopanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, homa, kushindwa kufungua mdomo au kumeza, hayo si ya kusukutua chumvi, hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Nilikopa, nikapanda matatu.

Mlango wa chumba cha daktari ulipofunguliwa, kitu cha kwanza kilichonipiga ni harufu. Pilau. Nilidhani njaa. Nikauliza.

Daktari alicheka. "Ni eugenol. Mafuta ya karafuu. Tunachanganya na unga wa zinki, tunaziba nalo jino kwa muda." Akanionyesha kichupa. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu karne ya 19, akasema, na hiyo ndiyo harufu ambayo watu wakiinusa kokote wanakumbuka kiti. Pemba, pale Wawi, kuna kiwanda kinachokamua mafuta kutoka kwa makonyo, vile vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua. Nilimwambia hilo, nikiwa nimefungua mdomo na kioo kiko ndani, kwa hivyo sijui alisikia nini.

Kisha akaniambia la kwangu. Jino halikupona ile siku ya tisa. Lilikufa. Mshipa wa fahamu uliisha, ndio maana kukawa kimya, na uozo ukashuka taratibu hadi kwenye mfupa. Ningekuja siku ya kwanza, pengine lingezibwa na kubaki. Sasa kulikuwa na njia mbili: kusafisha mizizi yote, bei ambayo ni kodi yangu ya miezi kadhaa, au kung'oa, elfu moja mia tano.

"Una miaka mingapi?" akaniuliza.

"Ishirini na sita."

Alinyamaza kidogo, kisha akachukua sindano ya ganzi.

Lilitoka kwa dakika chache, na mlio ambao sitauelezea. Nililibeba nyumbani kwenye karatasi, sijui kwa nini. Karafuu zilizobaki nilimrudishia jirani. Jumapili alipika pilau, akaniletea sahani, nikala polepole kwa upande wa kushoto, nikizitoa karafuu moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani.