Kinywa cha Kuazima

Wako wazazi wanaoamini kuwa mchezo wa kuigiza shuleni ni kupoteza muda, tena muda wa kidato cha nne ambao hauna wa kupotea. Hoja hiyo nimeisikia tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi nilipostaafu ukuu wa shule. Siwalaumu, maana mtihani wa taifa haumwulizi mtoto alisimamaje jukwaani. Hata hivyo, ukiitazama historia ya maigizo katika shule zetu utaona kwamba kijana huchuma humo kitu asichokipata kwenye dawati.

Kuigiza hatukuletewa na meli. Katika jando na unyago vijana walifunzwa utu uzima kwa nyimbo, ngoma na maigizo. Shule nyingi za misheni ziliyaona hayo ni ushenzi, na shule za wakoloni zikaja na michezo ya kwao, Shakespeare akiwa mbele. Mtoto alikariri Kiingereza kigumu akapigiwa makofi kwa matamshi. Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare, kwanza Julius Caezar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alithibitisha kuwa Kiswahili kinaubeba mzigo huo. Lakini visa vilibaki vya Roma na Venisi.

Mwaka huohuo wa 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, tamthilia ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwishoni Wajerumani wanamtaka Kinjeketile akiri kuwa maji yale yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa mwenyewe alikwisha kuyatilia shaka, kwa sababu anajua ungamo lake litawafikia watoto ambao hawajazaliwa. Nimeifundisha tamthilia hiyo miaka mingi kwa kuisoma darasani, na wanafunzi walijibu maswali yangu vizuri tu. Tulipoamua kuiigiza, kijana aliyepewa nafasi ya Kinjeketile alinifuata jioni akauliza, “Mwalimu, huyu mzee hapa anasema uongo au hasemi?” Hakupata usingizi mpaka alipoamua mwenyewe, kwa kuwa asingejua aitoe vipi sauti. Hakuna mwanafunzi aliyepata kuniuliza swali hilo akiwa na kitabu tu mkononi.

Zilikuwapo pia ngonjera, alizozieneza marehemu Mathias Mnyampala baada ya Azimio la Arusha la 1967. Ziliwatoa watoto haya, nao walizipenda, na kiongozi akizuru shule hakukosa kutumbuizwa kwazo. Ila jibu lilikuwa tayari limeandikwa: yule mjinga wa ubeti wa kwanza sharti aelimike ubeti wa mwisho. Kijana alijifunza kusema kwa sauti kubwa lile ambalo wakubwa walikwisha kukubaliana.

Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, ulikwenda njia nyingine. Wasichana wa sekondari walichunguza wenyewe mambo yanayowakwamisha katika masomo, wakayatungia michezo, nyimbo na ngoma, wakaonyesha mbele ya wenzao, walimu na wazazi, kisha watu wote wakajadili. Baadaye shirika la FAWE liliueneza katika nchi nyingine za Afrika.

Nilialikwa shule moja kutazama mchezo wa namna hiyo. Binti wa kidato cha tatu, amevaa koti kubwa la kiume na amejichora masharubu kwa mkaa, alikuwa mwalimu anayewaagiza wasichana wampelekee madaftari nyumbani kwake jioni. Bwalo zima lilicheka. Kisha walimu wa mstari wa mbele wakaacha kucheka, mmoja baada ya mwingine. Hakuna jina lililotajwa, na binti yule, kama angeitwa ofisini, angeweza kusema kwamba alikuwa akiigiza tu. Katika majadiliano mama mmoja alisimama akauliza madaftari ya shule hiyo husahihishiwa wapi. Ukumbi ukanyamaza. Wiki iliyofuata mkuu wa shule alibandika tangazo kwamba madaftari yote yaishie chumba cha walimu.