MiG-21: Angani na Ardhini

Ndege ya kivita husifiwa kwa mambo yake ya angani: kasi yake, kimo inachofika, na idadi ya maadui iliowaangusha. MiG-21 ina sehemu yake kubwa katika sifa hizo. Hata hivyo, mwenye kuifuatilia tangu kuundwa kwake ataona kwamba mengi yaliyoamua maisha yake yalipitika ardhini. Hili lafaa kukumbukwa sasa, kwa kuwa nchi zinazoirusha zinazidi kupungua, na vijana walio wengi wataijua kupitia kioo cha kompyuta, katika programu za kuiga urukaji.

Ndege hii ilibuniwa na wahandisi wa Mikoyan na Gurevich katika Umoja wa Kisovieti. Mifano yake ya mwanzo ilirushwa mwaka 1955, na ilipofika 1959 ilikuwa imeanza kuingia jeshini. Ni ndege ndogo, yenye mbawa za pembetatu ambazo upana wake, ncha hadi ncha, ni kiasi cha mita 7 tu. Lakini huweza kufikia mara mbili ya kasi ya sauti. Ziliundwa zaidi ya 11,000 katika Umoja wa Kisovieti, Czechoslovakia na India, mbali na zile zilizoigwa na Wachina kwa jina la J-7. Nazo hizo za Kichina zilifika hadi Tanzania.

Kazi iliyokusudiwa ni moja: kuruka upesi, kupanda, kumpiga mwenye kuvamia, na kurudi. Kwa hiyo ilipewa mafuta machache na rada dhaifu, na rubani wake hakuona sana nyuma wala chini. Mishale haina macho. Macho ni ya mpigaji. Na mpigaji wa mshale huu alikaa ardhini, mbele ya rada, akimwelekeza rubani kwa redio: geuka, panda, adui yuko mbele yako.

Hivyo ndivyo Wavietnam wa Kaskazini walivyoitumia kuanzia mwaka 1966. Walimfikia adui kwa nyuma, wakampiga mara moja, wakaondoka. Wamarekani nao walitambua kwamba wa kuhadaiwa si rubani. Tarehe 2 Januari 1967, Kanali Robin Olds alizirusha ndege zake za Phantom kwa njia, kimo na mwendo wa ndege nzito za mabomu za F-105, ili wasomaji wa rada wa Hanoi wadhani ni mawindo mepesi. Marubani wa MiG walitumwa juu, wakatokeza mawinguni na kuwakuta wawindaji wakiwangoja. Wamarekani walidai kuangusha ndege saba siku hiyo. Kosa lilifanyika ardhini. Malipo yalitolewa angani.

Kuna na nyingine ambazo hazikupata hata nafasi ya kuruka. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1967, ndege za Israel zilivivamia viwanja vya Misri na kuziteketeza MiG nyingi pale pale zilipoegeshwa. Miaka tisa baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomandoo wa Israel waliokwenda kuwakomboa mateka Entebbe waliziharibu MiG za jeshi la Uganda kiwanjani, wasije wakafukuzwa nazo.

Lakini hakuna nchi iliyoishi na ndege hii kwa furaha na uchungu kama India. Kikosi chake cha kwanza kiliundwa Chandigarh mwaka 1963, na kiwanda cha Hindustan Aeronautics kikaunda zaidi ya 600. Ilipigana vita vya mwaka 1971 na kupata heshima kubwa. Kisha ikaanza kuwaua wenyewe. Mwezi Mei 2012, Waziri wa Ulinzi A. K. Antony aliliambia bunge kwamba ndege 482 za aina mbalimbali za MiG zilikuwa zimepotea katika ajali, na kwamba marubani 171 na raia 39 walikufa. Watu wakaiita jeneza linaloruka.

Sababu hazikuwa za chuma peke yake. Ndege hutua kwa kasi kubwa mno, nayo haimsamehi mwanafunzi. Kamati iliyoundwa mwaka 1982 ilikwisha kupendekeza pawepo ndege ya jeti ya mafunzo ya kumwandaa kijana kabla ya kumkabidhi MiG. Ndege hizo, Hawk za Uingereza, ziliingia kazini mwaka 2008. Robo karne ilipita kati ya ushauri na utekelezaji, na katika muda huo vijana walikuwa wakiendelea kuzikwa. MiG-21 ya India iliagwa rasmi tarehe 26 Septemba 2025, Chandigarh pale pale ilipoanzia.

Sasa tuiangalie kwenye kompyuta. Katika mchezo wa Wings Over Vietnam wa mwaka 2004, mchezaji hukaa ndani ya ndege ya Kimarekani, na MiG ni shabaha isiyo na mtu ndani. Mwaka 2014, watengenezaji wa Leatherneck Simulations walifanya kinyume chake: walitoa MiG-21bis kwa ajili ya DCS World, wakamketisha mchezaji katika kiti cha yule aliyekuwa adui. Hapo kila swichi hubonyezeka. Upo ule mstari mweupe uliopakwa katikati ya ubao wa vipimo, ili ndege ikianza kuanguka huku ikizunguka kama pia, rubani asukume usukani kuuelekea. Ipo na geji ya mafuta, ambayo haipimi mafuta yaliyomo bali huhesabu yanayotumika, na kwa hiyo ni lazima ipangwe kwa mkono kabla ya safari.

Hii ni kazi ya kusifiwa. Aliyehangaika na vipimo hivyo huku mafuta yakimwishia hawezi tena kumdharau rubani wa Hanoi wala wa Chandigarh. Elimu ambayo ingepotea pamoja na wazee wa viwanjani imehifadhiwa.

Ila geji hiyo hiyo yaonyesha kilichoachwa. Mchezaji huipanga mwenyewe kwa kuzungusha kitufe. Rubani wa kweli aliiamini namba yake kwa kuwa aliwaamini mafundi waliojaza matangi, watu wenye majina na familia. Katika mwigo mafundi hao hawamo. Msomaji wa rada amebaki sauti tu, na kamati ya 1982 haina pa kuingia. Ndege ikianguka, mchezaji huanza upya. Chini hapakuwa na shamba la mtu. Ni kama tafsiri iliyohifadhi kila neno la utenzi na kuwasahau watu walioimbiwa.

Mtengenezaji halaumiwi, kwani alichoahidi ni kiti cha rubani, naye amekitoa kwa uaminifu. Hatari ni kukidhani kiti hicho ndiyo historia nzima. Kijana akiamini kwamba marubani 171 walikosa ustadi tu wa mikono, ustadi anaoweza kuupata yeye kwa mazoezi ya majuma machache, basi amewahukumu wafu na kuwaachia huru waliochelewesha ndege za mafunzo. Acheze, na ajifunze kutua. Kisha auulize mwigo wake ni nani aliyejaza mafuta, na nani aliyetia saini kwamba ndege iko tayari.