TOFALI BICHI: KUTOKA MAHAMA HADI NIBOYE



Kamati ilipoamua kutoa jarida hili la kumbukumbu ya miaka kumi ya kambi ya Mahama, ilituomba sisi tuliohamia Kigali, tunaopanga vyumba hapa Niboye katika wilaya ya Kicukiro, tuandike juu ya historia ya ujenzi. Tulikubali mara moja, maana kazi ya tofali tunaijua kwa mikono yetu.

Mahama ilifunguliwa Aprili 2015, wilayani Kirehe, karibu na mto Akagera. Tulianza katika mahema na mabanda ya shitingi. Mchana humo ndani palikuwa jiko, na usiku wa mvua tulishika nguzo kwa zamu. Baadaye zikaja nyumba za matofali mabichi na mabati. Tofali hilo Wanyarwanda huliita rukarakara: udongo hukanyagwa kwa maji, hutiwa katika kalibu, huanikwa mpaka ukauke, wala hauonji moto. Wengi wetu tulilidharau. Tuliona ni nyumba ya mtu asiye na la kufanya.

Hapa Niboye ndipo tulipojua kwamba mji wenyewe umesimama juu ya tofali hilo. Kigali ulianzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, na uhuru ulipopatikana mwaka 1962 ulikuwa na watu kama 6,000 tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,745,555. Kicukiro peke yake ilitoka watu 318,564 mwaka 2012 ikafika 491,731 miaka kumi baadaye. Watu hao wote walihitaji ukuta, na ukuta wa bei nafuu ulikuwa chini ya miguu yao.

Wakimbizi wana sehemu kubwa katika historia hii. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 walirudi Wanyarwanda waliokaa Uganda, Burundi, Zaire na Tanzania tangu miaka ya 1959 na 1960. Novemba na Desemba 1996 wakarudi wengine zaidi ya milioni moja kutoka kambi za Zaire na Tanzania. Mahali pa kuwaweka palitoka wapi? Mwaka 1997 mbuga ya Akagera, iliyokuwa na kilomita za mraba zaidi ya 2,500, ilikatwa ikabaki na chini ya nusu. Msitu wa Gishwati nao ukaliwa karibu wote. Hatusemi hayo kwa kulaumu. Sisi nasi tulikata miti ya wenyeji kule Kirehe kabla gesi ya kupikia haijaletwa kambini, na ugomvi wa kuni tunaukumbuka.

Kwa hiyo tofali la kuchoma, ambalo kila mtu analitamani, lina deni lake. Tanuri la kienyeji hula magogo siku na usiku. Hata hivyo, kwa miaka mingi kanuni za mji zilikataa rukarakara katika mitaa iliyopimwa, zikidai vifaa vya kudumu. Mwenye kipato kidogo alijenga kwa kujificha, na nyumba ya kujificha hujengwa haraka, bila msingi wa mawe. Kanuni za mwaka 2019 ndizo zilizofungua mlango: rukarakara ikaruhusiwa katika maeneo yaliyopangwa, kwa nyumba isiyo na ghorofa na kwa masharti ya ufundi. Kwa maoni yetu ruhusa hiyo ilichelewa sana.

Udongo haumdhuru mtu ukikauka. Adui ni maji. Wenzetu Wakongo wa kambi ya Gihembe, iliyofunguliwa Gicumbi mwaka 1997 baada ya mashambulizi ya Mudende, wanalijua hili kuliko sisi. Maji ya mvua yalichimba makorongo mlimani mpaka yakazifikia nyumba, na mwaka 2021 kambi ikafungwa. Wengi wao walihamishiwa kwetu Mahama.

Niboye nayo ni mteremko. Paa zimebanana, na kila bati jipya hutupa maji yake kwa jirani wa chini. Msimu mmoja wa mvua ukuta wa chumba chetu cha nyuma ulilala chini usiku, nusu nzima. Tunashukuru Mungu watoto walikuwa upande wa pili. Asubuhi mwenye nyumba alitaka kuuita udongo huo takataka, atafute saruji kwa mkopo. Mzee mmoja wetu, fundi wa kalibu tangu Mahama, akamwambia, “Baba, subiri kwanza.” Tukachimba mtaro juu ya nyumba, tukaweka mawe chini, jirani akakubali kutundika mfereji wa bati na pipa. Kisha tukaukanyaga tena udongo uleule ulioanguka. Matofali yalitosha, yakabaki kumi na mawili, na watoto wanayakalia mpaka leo.