Jino la Pembe

Shule ya msingi tulikariri methali hii bila kuielewa: jino la pembe si dawa ya pengo. Mwalimu alisema kitu cha kuazima hakiwezi kuchukua nafasi ya kile ulichopoteza. Tukaandika kwenye daftari, kengele ikalia, tukatoka mbio. Haikunijia akilini kwamba kuna watu waliowahi kuweka pembe mdomoni, kweli kabisa, na kuitafunia nyama.

Mwaka jana ndio methali ilinirudia. Nilikuwa nimelala kwenye kiti cha daktari wa meno hapa Nairobi, mdomo wazi, taa machoni. Jino langu la juu, la pili kutoka katikati, lilikuwa limeoza hadi mzizini likang'olewa. Sasa nilikuwa mtu wa kucheka na mkono mdomoni, hata kwenye interviu ya kazi.

"Tunaweza kukuwekea daraja," daktari akasema.

"Linashikiliwa na nini?"

"Na majirani."

Akanichorea. Meno mawili yaliyo kando ya pengo yatachongwa pande zote yabaki kama visiki, yavishwe kofia za kauri, na jino bandia lishikamane na kofia hizo katikati. Nikamuuliza kama meno hayo mawili yana shida yoyote. Akasema hapana, ni mazima kabisa. Akanipa wiki mbili nifikirie.

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na kila nilipofungua ukurasa nilikuta swali lilelile: pengo likizibwa, ni nani anayelipa?

Anza na Waetruski, watu walioishi Italia ya kati kabla Roma haijawa dola. Zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, mafundi wao walikunja utepe mwembamba wa dhahabu, wakauzungusha kwenye meno mazima, na ndani yake wakashikiza jino la kuazima. Hilo ni daraja, hata kama hakuna aliyeliita hivyo. Mengi yamepatikana kwenye mafuvu ya wanawake wa tabaka la juu, na wachunguzi wengine wanaamini baadhi yao waling'olewa meno yasiyo na tatizo ili dhahabu ipate pa kukaa. Kwa hivyo wale wanaovaa jino la dhahabu ili waonekane wana doo hawajaanza leo.

Halafu kuna George Washington. Alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja tu lake mwenyewe. Hadithi ya kwamba alivaa meno ya mbao si kweli. Daktari wake, John Greenwood wa New York, alimchongea meno kutoka kwa jino la kiboko, akaacha tundu ili lile jino moja lililobaki lipenye. Kiboko haishi New York. Jino lile lilitoka bara letu hili.

Lakini kilichonifanya niweke simu chini ni daftari la hesabu la shamba lake, Mount Vernon. Mwezi Mei 1784 kumeandikwa malipo ya pauni 6 na shilingi 2 kwa "Weusi", kwa meno tisa, kwa ajili ya daktari wa meno Mfaransa aliyekuwa akimtibu. Majina ya wenye meno hayakuandikwa. Haijulikani kwa hakika kama meno hayo yaliishia mdomoni mwa Washington. Walilipwa, ndio. Ila mtu unayemmiliki akikubali kukuuzia jino lake, hilo si soko.

Walio hai wasipotosha, kuna wafu. Juni 1815 maelfu ya vijana waliuawa Waterloo, na watu wakapita katikati ya maiti na koleo. Meno hayo yalipelekwa Uingereza yakapangwa kwenye vitako vya pembe, na hata baadaye meno ya maiti wengine yaliendelea kuuzwa kama "meno ya Waterloo". Sifa yake ilikuwa moja: yalikuwa ya vijana, hayajaoza.

Kauri ndiyo iliyopunguza biashara hii, na ilianza kwa sababu ya harufu. Jino la kiboko likikaa mdomoni huoza na kunuka. Mwaka 1774 mtengeneza dawa mmoja wa Ufaransa, Alexis Duchâteau, alichoshwa na uvundo wa meno yake mwenyewe akajaribu kuyatengeneza kwa kauri. Udongo na moto, basi. Sasa ungeweza kujaziwa pengo bila mnyama wala binadamu mwingine kupoteza kitu.

Nikamkumbuka Dani, nyanya yangu. Alizaliwa kando ya Ziwa Victoria kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na hakuwa na meno sita ya mbele ya chini. Yaling'olewa akiwa msichana, bila ganzi, kama ilivyokuwa desturi ya Waluo. Wenyewe waliita nak. Aliyebaki na meno yote alionekana bado mtoto. Wazee walisema pia kwamba pepopunda ikikaza taya, uji ungeweza kupitia hapo.

Mjomba wangu, mtoto wake wa kwanza, alipitia hayohayo. Alipopata kazi ya ofisi Nairobi akachekwa, akanunua meno ya kuvaa na kuvua. Mama anasema kila alipoenda nyumbani aliyatoa akiwa bado kwenye basi, akayafunga kwenye leso, akaingia bomani na pengo lake. Pengo lilelile: mjini aibu, nyumbani kitambulisho.

Nilirudi kwa daktari. Nikamuuliza kuhusu njia aliyoianza Per-Ingvar Brånemark kule Sweden, aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza skrubu za titani kwenye mfupa wa taya mwaka 1965. Jino la namna hiyo husimama lenyewe, majirani hawaguswi. Akanitajia bei. Nikanyamaza kidogo.

"Daraja lingekuwa rahisi," akasema.

"Najua. Lakini majirani wangu tuwaache."

Sasa naweka akiba polepole. Pengo bado liko, na juzi kwenye interviu nyingine nilisahau kuweka mkono mdomoni. Nilicheka hadi mwisho.